Usingoje Mtoto wa Jicho Aive
Mazungumzo na wakazi wa Kulesa kuhusu kliniki ya macho

Mimi si daktari, kazi yangu ni ya habari, na nimekuja na wenzangu wa afya ambao mtawauliza yale nisiyoyaweza. Lakini kuna mambo ya macho ambayo mtu hahitaji kuwa daktari kuyaeleza, na nimeona heri niyaseme kwa lugha yetu ya kila siku.

Naanza na wale waliovuka miaka arubaini. Ujumbe wa M-Pesa umeingia. Unainyosha simu mbali, unairudisha, unainyosha tena mpaka mkono umekwisha. Mwishowe unamwita mjukuu akusomee, na siku nyingine unampa hata namba ya siri akutolee pesa. Mama anashindwa kutoa mawe kwenye mchele, mvuvi hawezi tena kushona wavu wake, na mzee anakaa na Msahafu au Biblia mapajani bila kuusoma mstari. Huo si ugonjwa. Ndani ya jicho kuna lenzi inayojikunja na kujinyoosha ili tuone karibu na mbali, na kadiri umri unavyokwenda lenzi hiyo inakuwa ngumu. Hilo humpata kila mtu akiishi. Dawa yake ni miwani ya kusomea, basi. Ila pima kwanza, usinunue tu ile ya sokoni kwa sababu fremu imekupendeza.

Sasa nije kwa lililonileta hasa, yaani mtoto wa jicho.

Hapa ile lenzi haijawa ngumu tu, imeingia ukungu. Mwanga haupiti vizuri. Mtu anaona kama anatazama kupitia kioo kilichopigwa na vumbi la barabara, taa za pikipiki usiku zinamtawanyikia, na polepole mboni iliyokuwa nyeusi inaonekana ya kijivu au nyeupe. Hakuna maumivu, na nadhani ndiyo sababu watu hukaa nao miaka. Wanasema, ni uzee, mwacheni mzee apumzike.

Wazee wetu, naomba mnisikize hapa. Hakuna tone la dawa, la hospitali wala la mitishamba, linaloweza kuondoa ukungu huo. Anayekuuzia tone la kuyeyusha mtoto wa jicho anachukua pesa zako. Tiba ni upasuaji, na upasuaji wenyewe si wa kutisha kama jina lake. Unatiwa ganzi kwenye jicho, ukiwa macho na unasikia daktari anavyoongea. Lenzi chafu inatolewa, ya plastiki inawekwa pahali pake. Mara nyingi ni kazi ya chini ya saa moja. Kesho yake bandeji inafunguliwa. Halafu unapewa matone ya kutumia kwa wiki kadhaa, na unaambiwa usiinue mtungi, usikae kwenye moshi wa jikoni, na usiache maji ya mto yaingie jichoni mpaka lipone.

Lenzi hiyo ya plastiki ina hadithi yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari Mwingereza, Harold Ridley, alitibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ya kifuniko cha ndege. Akaona kwamba vipande vile vilikaa ndani bila jicho kuvikataa. Mwaka 1949, huko London, akaweka lenzi ya kwanza ya aina hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Wenzake wengi walimpinga. Leo mamilioni ya watu wanaona kwa sababu yake.

Kuna neno moja la zamani linalotuumiza: ngoja kwanza aive. Zamani, kwa namna upasuaji ulivyofanywa, madaktari wenyewe walisema hivyo. Siku hizi hapana. Ukiona kazi zako zinakushinda, muda umefika. Mtoto wa jicho akikomaa kupita kiasi upasuaji unakuwa mgumu zaidi, na wakati mwingine jicho linavimba na kupanda presha, likauma na kupoteza nuru moja kwa moja. Tena fikirieni huyu mtoto anayeshika ncha ya fimbo akimwongoza nyanya yake kutoka asubuhi. Wenzake wako darasani. Nyanya haoni, na mtoto hasomi.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, na angalau bilioni moja kati yao tatizo lao lingeweza kuzuiwa au bado halijapata tiba. Sisi wa Tana River tumo katika hesabu hiyo.

Presha ya macho ni habari nyingine, na ni mbaya zaidi. Kwa wengi inakula pembeni kwanza, kimya kimya, mtu akaanza kujigonga mlangoni huku mbele anaona sawa. Inaharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilichopotea hakirudi, hata kwa upasuaji. Matone ya daktari yanalinda kile kilichobaki, tena yanatumiwa maisha yote. Kama baba au dada yako anayo, nenda ukapimwe hata kama huoni shida yoyote. Wenye kisukari nao macho yao yapimwe kila mwaka, kwa maana sukari huharibu mishipa midogo nyuma ya jicho kabla mtu hajajua.

Kwa watoto, tazameni anayekaa karibu sana na ubao, au anayekunja macho akitazama mbali. Mwalimu anaweza kumwita mvivu kumbe anahitaji miwani. Vitamini A hutolewa kila miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, nanyi msiikose. Embe mbivu, maini na majani ya maboga yana lishe hiyo hiyo, na embe Mungu ametupa. Lakini ukiona weupe unaong'aa katikati ya jicho la mtoto mdogo, usisubiri hata wiki. Inaweza kuwa saratani, na hapo tunaokoa uhai, si jicho tu.

Halafu mashamba yetu. Jani la mahindi au kapi la mpunga likikuchoma jichoni, osha kwa maji safi uende zahanati siku hiyo hiyo. Kidonda kidogo kwenye kioo cha mbele cha jicho kinaweza kuota kuvu na kuacha kovu jeupe. Maziwa ya mama, sukari, mkojo, utomvu wa majani: vyote hivyo vinaingiza uchafu kwenye kidonda. Na yale matone unayopewa dukani bila kupimwa? Mengine yana dawa ya kutuliza wekundu ambayo ikitumiwa ovyo huleta hiyo hiyo presha ya macho na huyo huyo mtoto wa jicho. Jicho linapendeza leo, kesho linazima.

Kliniki yenyewe haina makuu. Utasomeshwa ubao wa herufi, na kama hukusoma kuna ubao wa alama ambao unaonyesha kwa mkono tu alama imeelekea wapi. Utapimwa presha ya jicho. Unaweza kutiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa utaona ukungu na jua litakuchoma. Siku hiyo usiendeshe boda boda. Nenda na mtu, na mbebe kofia.

Najua swali lililobaki ni safari na pesa. Anzeni zahanati, mwone mhudumu wa afya, mpate barua ya kuwapeleka mbele: Ngao, au hospitali ya rufaa ya Hola. Wengine hutumwa Kwale Eye Centre au Lighthouse for Christ kule Mombasa. Jisajilini na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa kupiga *147#. Kabla ya kupanda gari, ulizeni kipi kinalipiwa na kipi mtalipa wenyewe. Na barua ya rufaa isibaki kwenye sanduku. Yuko mzee mmoja, simtaji, aliyeiweka yake miezi minane kwa kukosa mtu wa kumsindikiza, na wana anao.

Vijana, mzungumze nyumbani jioni ya leo nani atamsindikiza nani. Wahudumu wa afya ya jamii wako pale chini ya mwembe na daftari, wanaandika majina. Wazee waanze, kisha wenye kisukari. Waliobeba vitabu vyao vya kliniki wavishike mkononi. Sasa, maswali. Mama pale nyuma, ulikuwa umeinua mkono tangu nilipotaja maziwa.