Kushindia, Kujinyima na Kupima: Sarufi ya Uhaba katika Kiswahili cha Tunduma



Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwa Tanzania Bara kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Mstari wa umaskini wa chakula uliwekwa kuwa shilingi 33,748. Watu 26 na ushei katika kila 100 walikuwa chini ya mstari wa kwanza, na watu 8 chini ya mstari wa pili. Mwenye kutoa hesabu ataona kwamba aliyesimama juu ya mstari wenyewe, asiye na senti moja ya ziada, hubakiwa na shilingi 15,572 kwa mwezi baada ya chakula. Hizo ndizo za sabuni, nauli, dawa, kiraka cha paa, daftari na rambirambi.

Sikuja kujadili mistari hiyo. Wachumi wetu wanaijua kunishinda. Nimekuja kuzungumzia Kiswahili cha watu wanaoishi karibu nayo, na hasa jambo moja ambalo sisi wanaisimu tumelipa nafasi ndogo mno. Takwimu huuliza mtu ana nini. Lugha ya mwenye kipato kidogo, kwa sehemu kubwa, hueleza ameacha nini ili apate nini. Kiswahili kina zana za kisarufi za kueleza uamuzi huo, nazo ni zana makini. Asiyezifahamu anaweza kumhoji mtu saa nzima kwa Kiswahili fasaha na akaondoka na jibu lisilo kweli, ingawa aliyehojiwa hakusema uongo hata mara moja.

Mifano yangu naichukua Tunduma na sehemu nyingine za Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na ambao makao yake makuu ni Vwawa. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni 1.3. Tunduma ni mji wa mpakani: barabara kuu ya kwenda Zambia inapita pale, reli ya TAZARA inapita pale, na ukivuka upo Nakonde. Kinyamwanga husemwa pande zote mbili za mpaka. Ukielekea Mbozi unakutana na Kinyiha, Ileje kuna Kindali na Kilambya, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote sokoni. Fedha nazo ni mbili, shilingi na kwacha. Wenye umri wanakumbuka kwamba tarehe 1 Januari 2013 kwacha iliondolewa sufuri tatu, hata mchuuzi wa nyanya akalazimika kujifunza hesabu upya huku shilingi yake ikibaki na sufuri zake zote. (Jina lenyewe kwacha ni ndugu wa damu wa kucha tunayoisikia katika kumekucha. Nitarudi kwenye kucha na kutwa muda si mrefu.)

Nianze na kitenzi kinachoonekana chepesi kuliko vyote, kula. Katika nyumba nyingi za nyanda zetu za juu kusini, kula maana yake ni kula ugali. Mtu aliyekula viazi viwili vya kuchemsha saa nne asubuhi na hindi la kuchoma alasiri atakuambia jioni kwamba hajala tangu asubuhi. Hadanganyi. Kwake viazi na hindi ni vitu vya kuzugia njaa. Mlo ni ugali na mboga yake. Mgeni anayejaza dodoso ataandika sufuri. Lakini ukibadili swali ukasema, "Leo mmetia nini kinywani?", utapata orodha, na msimamizi wako ofisini atahesabu milo miwili ambayo mwenye kuila hakuihesabu. Kati ya sufuri na mbili, kaya imetoka upande mmoja wa mstari ikaingia upande mwingine, na ugali haujasongwa.

Wenyewe wanalo neno linaloziba pengo hilo: kushindia. "Leo tumeshindia uji." Tulitazame kwa makini. Kitenzi kushinda hapa si kile cha kumshinda adui, bali ni kile cha kupitisha mchana, kama katika "ulishinda wapi jana?" Kimeongezewa kiambishi cha kutendea, nacho, kama mnavyojua, kina kazi nyingi: kumtendea mtu, kutendea mahali, kutendea kwa kifaa. Kisu cha kukatia nyama, kalamu ya kuandikia. Uji katika "tumeshindia uji" umekaa katika nafasi ya kisu na kalamu. Haukutajwa kama chakula kilicholiwa. Umetajwa kama chombo kilichotumika kuuvuka mchana. Ndivyo ilivyo pia katika kulalia chai, na katika kile kitenzi cha zamani, kutowea, kilichotupa kitoweo: anayesema ametowea chumvi ameeleza kwa maneno mawili kwamba unga ulipatikana, mboga haikupatikana, na ugali ulilazimika kupita kooni kwa namna yoyote.

Vijana wa vyuoni, nanyi mpo hapa, mna pasi ndefu. Mnakunywa chai nzito saa tano ili mchana upite bila gharama. Msicheke; mmebuni istilahi nzuri. Ndani yake kuna mpango, na kuna mtu anayeupanga. Nailinganisha na "kuruka mlo", tafsiri ya neno kwa neno inayoingia kirahisi katika madodoso yetu. Tangu mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limekuwa likitumia katika nchi nyingi kipimo chenye maswali 8 kuhusu uzoefu wa watu wa kukosa chakula. Moja ya maswali hayo huuliza kama mtu alilazimika kuacha mlo kwa kukosa fedha au nyenzo nyingine. Anayelitafsiri kwa "kuruka" anadhani kwamba milo imepangwa mitatu kama vigingi, na mtu amekiruka kimoja. Kwa mtu ambaye mpango wake wa kawaida ni kushindia uji na kula usiku, hakuna kigingi kilichorukwa. Atajibu hapana.

Swali la mwisho la kipimo hicho lina tatizo la kinyume chake. Linauliza kama mtu alikaa siku nzima bila kula. Sasa siku ni nini? Kiswahili kina siku, kina kutwa, yaani tangu kuche hadi kuchwe, na kina kutwa kucha, mchana pamoja na usiku wake. Mtu akiulizwa juu ya "siku nzima" anaweza kufikiria kutwa, kwa sababu kutwa ndiyo inayoshindwa. Akasema ndiyo, alikaa siku nzima bila kula, na usiku ule alikula ugali na dagaa. Kwa hiyo dodoso lilelile laweza kupunguza njaa katika swali moja na kuiongeza katika swali jingine, na makosa mawili ya namna hiyo hayafutani.

Zana ya pili ni kiambishi kirejeshi, -ji-. Orodha ya vitenzi vya uhaba vinavyokibeba ni ndefu: kujinyima, kujibana, kujikaza, kujikimu, kujihimu. Katika umoja hakuna utata. "Amejinyima" ina mtenda na mtendwa, nao ni mtu mmoja. Utata unaanza katika wingi. Mkuu wa kaya anaposema, "Mwezi huu tumejibana tukalipa kodi ya chumba," sarufi inatuarifu kwamba sisi tuliwabana sisi. Haituambii mgawanyo. Katika tu- ile amejificha nani aliyebanwa zaidi.

Hapa ndipo jambo linapouma, na naomba tusilikimbilie kulihukumu. Chukueni chumba kimoja cha kupanga Tunduma. Baba anapakua mizigo kwenye malori, analipwa kwa kibarua cha siku. Mama anauza maandazi. Kuna mtoto wa darasa la saba, kuna mdogo wa miaka miwili, na kuna bibi. Unga ni wa watu watatu. Akipunguziwa baba, kesho hawezi kunyanyua gunia, na keshokutwa hakuna unga kabisa. Akipunguziwa mtoto wa darasa la saba, mtihani uko karibu. Mdogo hawezi kungoja. Bibi husema ameshiba kabla hajaulizwa. Yeyote atakayeamua ameamua kwa akili, na uamuzi wake una mtu aliyeupa mgongo. Kisha kaya nzima inasema "tumejibana", kwa sababu Kiswahili kinawapa kiambishi cha kusitiri jambo hilo, na sitara hiyo ni heshima wanayostahili. Kwa mtafiti, hata hivyo, jibu lililo katika wingi ni nusu ya jibu. Takwimu zetu huhesabu kaya, wale wanaopika na kula pamoja. Chungu ni kimoja, sahani hazilingani.

Nipite haraka kwenye dawa, maana sarufi yake ni fupi. Nusu dozi. Mtu huandikiwa vidonge vya siku tano, hununua vya siku mbili, akipata nafuu huziacha fedha za vilivyobaki zikawa unga. Mfamasia ataona kosa la matumizi ya dawa. Mnunuzi ameona bidhaa yenye bei inayogawanyika.

Kugawanyika huko ndiko kunakonipeleka kwenye vipimo. Kuna mafuta ya kupima, sukari ya robo, unga wa kisado. Kisado, jina ambalo yaelekea lilitokana na kopo la rangi la Sadolin, ni chombo cha lita nne, mdogo wake debe la lita ishirini. Anayenunua kwa kupima hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia, na yeye mwenyewe anajua. Asichonacho ni fedha ya gunia kwa siku moja. Tukimwambia kwamba gunia ni nafuu tunamfundisha hesabu aliyotufundisha yeye.

Upande wa pili wa mizani yupo mkulima wa Mbozi au Momba. Huyu huuza kwa gunia, na gunia huja na lumbesa: linashindiliwa, linashonewa kilemba, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusu ufungashaji huo, na Wakala wa Vipimo umekuwapo tangu mwaka 2002, lakini lumbesa ingali ikisikika masokoni, jina na kitu chenyewe. Mtu yuleyule anayeuza Julai kwa kipimo kilichofura, Februari hununua unga kwa kisado kilichopanguswa bapa mdomoni. Kila mara hasara huangukia upande aliosimama yeye.

Kwa nini asiyaweke mahindi yake hadi Februari? Kwa sababu ya Januari. Katika eneo lenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba, mahindi yaliyopandwa yanataka mbolea ya kukuzia mwezi uleule ambao shule zinafunguliwa. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaongezwa. Hatua hiyo haikuwa ndogo. Lakini zingatieni majina yake mawili yanayotumika kana kwamba ni jina moja, elimu bila ada na elimu bila malipo. Ada iliondoka, sare, viatu, madaftari na nauli havikuwa ada. Mzazi aliyesikia "bila malipo" na mzazi aliyesikia "bila ada" walikwenda shuleni na matarajio tofauti. Ruzuku ya mbolea iliyoanza mwaka 2022 nayo ilipunguza bei, haikuiondoa. Basi Januari mfuko mmoja wa mbolea husimama mbele ya sare moja, na anayechagua sare anajua hasa ni debe ngapi atakazozikosa Juni.

Wengine humaliza mgogoro huo kwa kuuza mazao yangali shambani. Kagera desturi hiyo, kwa kahawa, huitwa butura. Mbinga huitwa magoma. Inastahili kuangaliwa kwamba kila mkoa wa kahawa umeona haja ya kuipa jina lake. Mpakani bei nazo hubadilika kwa mambo yaliyo mbali. Februari 2024 Rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa, na mwaka huohuo Tanzania ikakubaliana kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Katika mwaka wa namna hiyo, aliyekwisha kuuza mahindi yake yakiwa mabichi huyaona yakipita barabarani kwenye malori.

Nieleze sasa ninachokiomba. Misemo ya mijini ya majira, kama ukapa wa enzi za Rais Mkapa au "vyuma vimekaza" ya miaka ya karibuni, imepata wakusanyaji wake, kwa kuwa inachekesha. Kushindia, kulalia na kutowea havichekeshi, na vinahitaji wanafunzi wa uzamili wa kuvifuatilia wilaya kwa wilaya, pamoja na visawe vyake katika Kinyamwanga na Kinyiha, maana mhojiwa mzee huwaza kwa lugha hiyo kwanza. Kaya zinazoingizwa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na TASAF, hupendekezwa katika mkutano wa kijiji au mtaa, kisha huhojiwa. Mkutanoni watu husema lugha yao. Kwenye mahojiano husomewa yetu. Kabla dodoso jingine halijapigwa chapa, lipelekwe Tunduma, lisomwe kwa sauti mbele ya wauza maandazi na wapakuzi wa malori, na kila swali la mlo liulizwe mara mbili: mlikula nini, na mlishindia nini. Majibu yakitofautiana, la kusahihishwa ni swali.