Wazo Lililokataa Kutoka

Mafundisho yaliyotolewa Lwiro kwa wasikilizaji wa redio
Somo: 1 Wafalme 19:1-18





Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, lakini wachache wanalitaja kanisani. Ni lile wazo moja linaloingia kichwani na kukataa kutoka. Unalima, liko. Unasali rozari, liko: midomo inasema Salamu Maria, kichwa kinasema yake. Ukienda kulala, linakungoja kwenye mto. Kuna mama anayewaza usiku ule watu wenye silaha walipogonga mlango. Kila mbwa akibweka, anausikia mlango ule tena. Kuna kijana anayewaza: "Mimi ni bure, sitafika popote." Kuna mjane anayewaza: "Ni yule jirani aliyemtilia mume wangu sumu." Hakuona kitu, wala hakuna aliyemwambia kwa hakika, lakini wazo limeota mizizi.

Watu wetu husema tu, "Yule ana mawazo," kisha wanapita. Lakini tunajua, hapa Kivu Kusini, wazo la namna hiyo limefika wapi. Wamama wazee wameitwa wachawi, wakapigwa, wakachomwa moto. Moto ule ulianza zamani kabla ya kibiriti kuwashwa. Ulianza katika wazo ambalo hakuna aliyeliuliza swali.

Twende kwa Eliya. Huyu ndiye nabii aliyeomba, na moto ukashuka juu ya mlima Karmeli. Malkia Yezebeli anamtumia ujumbe kwamba atamuua, na mtu yule shujaa anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Mtu wa Mungu anaomba kufa. Basi wewe ambaye wazo kama hilo limewahi kukupitia, usidhani kwamba umetengwa na watu wa Mungu. Biblia haikuona haya kuliandika.

Angalieni namna Eliya alivyotendewa. Malaika hakumtolea hotuba. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamgusa, akamlisha. Mtu mwenye njaa na usingizi mwingi hawezi kupambanua mawazo yake. Ndiyo maana kwenye matanga jirani mwenye busara hafiki kwanza na maneno; anafika na kuni, na unga, na bidoni ya maji.

Kisha Eliya anatembea siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu, anaingia pangoni. Mungu anamuuliza anafanya nini pale. Eliya anajibu kwamba ametumika kwa bidii, kwamba watu wameliacha agano na kuwaua manabii, kwamba amebaki yeye peke yake, na yeye pia wanamtafuta wamuue. Unapita upepo mkali, linapita tetemeko la ardhi, unapita moto, na mwishoni inakuja sauti ndogo ya utulivu. Eliya anajifunika uso, anasimama mlangoni mwa pango. Mungu anauliza swali lile lile. Na Eliya anajibu nini? Mkifika nyumbani someni mstari wa 10 na mstari wa 14, muiweke pamoja. Ni maneno yale yale. Mungu mwenyewe amepita mbele yake, lakini kichwani mwake bado unaimbwa wimbo ule ule.

Hilo ndilo wazo lililoganda. Tena, wazo la Eliya lilikuwa na ukweli nusu. Ni kweli manabii waliuawa. Ni kweli alikuwa anatafutwa. Lakini kwamba amebaki peke yake, hapo alikosea, naye alikuwa na njia ya kujua. Rudini sura ya 18: Obadia alikwisha kumwambia kwamba aliwaficha manabii 100 mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji. Masikio ya Eliya yalisikia habari hiyo, moyo wake haukuishika. Ndivyo linavyofanya wazo lililoganda: linachukua maumivu ya kweli, linayaongezea neno moja la uongo, kisha linafunga mlango ili habari nyingine isiingie.

Sasa tufanye nini nalo? Wengi wetu tunajua njia mbili tu. Ya kwanza ni kulitii: linasema jirani ni mchawi, tunachukua fimbo. Ya pili ni kulifukuza kwa nguvu: tunakunywa kasiksi mpaka tuanguke, tunawasha muziki usiku kucha, au tunajilaumu kwamba Mkristu hapaswi kuwaza hivyo. Lakini wazo linalofukuzwa kwa nguvu hurudi na nguvu zaidi. Ukimwambia mtoto asiwaze simba, tayari amekwisha kumwona.

Kuna njia ya tatu, na Kanisa limeijua tangu zamani. Kule Misri, katika bara letu hili, waliishi wamonaki jangwani. Mmoja wao, Evagrio, aliyefariki mwaka 399, aliandika mengi juu ya mawazo yanayomsumbua mtu anayesali. Alimshauri mmonaki awe kama bawabu mlangoni mwa moyo wake, na kila wazo linalofika aliulize: wewe ni wa kwetu, au unatoka kwa adui? Huku kwetu tungesema awe zamu. Zamu mwema hampigi kila anayefika usiku, wala hamfungulii kila mmoja. Anamulika taa, anauliza: wewe nani, unatoka wapi, unataka nini? Na mara nyingi mwenye nia mbaya, akimulikwa usoni, anageuka na kuondoka.

Sisi wa Lwiro tuna mfano mwingine karibu zaidi. Wabelgiji walianzisha mwaka 1947 taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, na majengo yake ndiyo haya tunayoyajua leo kwa jina la CRSN. Kati ya kazi za watafiti wake ni kupima mitetemeko ya ardhi. Nchi yetu hii ya ziwa na volkano haitulii. Wengi mnakumbuka tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, Bukavu ilivyotikisika na nyumba zikaanguka. Na mnakumbuka siku zilizofuata: hata ardhi ilipotulia, moyo uliendelea kutetemeka, lori likipita barabarani, mtu anaruka nje. Sasa fikirini ile mashine ya kupima. Haizuii tetemeko, wala haikimbii. Inaandika tu: limeanza saa hii, limekuwa na nguvu kiasi hiki, limekwisha saa hii. Tetemeko linapita, na mashine inabaki mahali pake na habari ya kweli.

Eliya naye alibaki. Hakutoka pangoni kupigana na upepo, wala hakulikimbia tetemeko. Aliviacha vipite, na Mungu hakuwa ndani yake. Sauti ndogo huja baadaye, na aliyekwisha kukimbia haisikii.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola alijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 1522, akiwa Manresa kule Hispania, alishikwa na wazo kwamba dhambi zake za zamani hazikuungamwa vizuri. Aliungama, akaungama tena, wazo likarudi. Alisali saa nyingi, alifunga chakula wiki nzima, wazo likarudi. Alifika hata kushawishiwa kujitupa katika shimo na kujiua. Alifunguliwaje? Mwishowe alianza kuchunguza njia ambayo wazo lile lilipitia: limeingiaje, linanipeleka wapi? Akaona kwamba halimpeleki kwa Mungu, linampeleka shimoni. Siku hiyo aliamua kutoungama tena yale ya zamani, na mzigo ukamtoka. Kutoka kwake tumepata zoezi la kuchunguza moyo, ambalo Wajesuiti hulifanya kila siku. Askofu wetu mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, alikuwa Mjesuiti, mtoto wa zoezi hilo.

Basi tulijaribu pamoja. Halihitaji vitabu wala pesa. Jioni, kazi zikiisha, keti mahali penye utulivu kwa muda wa kuchemsha chungu cha maharagi machanga, au hata nusu yake. Tumchukue yule mjane atusaidie.

Kwanza, atulie mwilini. Miguu chini, mikono magotini, asikie pumzi ikiingia na kutoka. Amshukuru Mungu kwa jambo moja dogo la leo: mvua, mtoto aliyecheka, mtu aliyemsalimu njiani.

Pili, aombe mwanga. Aseme: Bwana, tuangalie pamoja. Mtu asishuke peke yake katika pango la moyo wake.

Tatu, wazo likija, alitaje kwa jina lake: "Naona wazo linalosema kwamba jirani alimuua mume wangu." Sikilizeni tofauti. Hasemi tena, "Jirani alimuua." Anasema, "Naona wazo linalosema." Hapo yeye ni zamu, na wazo ni mgeni aliyesimama mlangoni.

Nne, aliulize. Niliona nini kwa macho yangu? Nilisikia nini, na kwa nani? Mimi nimeongeza nini? Na chini ya wazo hili kuna nini? Labda atakuta kwamba chini yake kuna huzuni ambayo haijaliliwa, na hofu: nitawalisha nini watoto, ada ya shule itatoka wapi? Huzuni ile na hofu ile ni za kweli. Hizo Mungu anaweza kuzibeba pamoja naye. Lakini chuki juu ya jirani ilikuwa kifuniko tu.

Tano, achague tendo moja la kesho. Mungu hakumwacha Eliya pangoni achunguze moyo wake mpaka uzee. Alimwambia kwamba wamebaki watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti, akamrudisha njiani na kazi mkononi, akampa Elisha wa kutembea naye. Yule mjane kesho aende kwa mama mwenzake wa shirika na kumwambia, "Nina hofu juu ya watoto." Hilo tu. Amepata Elisha wake.

Je, wazo litatoka siku hiyo hiyo? Pengine hapana. Litarudi keshokutwa, na yeye ataketi tena. Lakini kila likimulikwa linapungua urefu. Na hata likibaki, halishiki tena usukani.

Neno moja la kukazia. Kuna mawazo ambayo ni jeraha, na jeraha kubwa linahitaji mganga. Kama hulali wiki baada ya wiki, kama unasikia sauti zinazokuamuru, kama unataka kujiua, au ukifumba macho yale uliyotendewa yanarudi kama yanatendeka sasa, usikae peke yako na zoezi hili. Mwambie mtu leo hii. Nenda kituo cha afya. Bukavu kuna SOSAME kwa magonjwa ya akili, na kuna hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Mukwege mwaka 1999, ambako wamama waliojeruhiwa vitani wanatunzwa mwili na moyo pia. Kwenda huko si kukosa imani. Malaika wa Eliya alileta mkate kwanza.

Na ninyi mnaoishi na mtu mwenye mawazo, msimwambie, "Sahau, wacha hayo." Angeweza, angekwisha kuwacha. Wala msishangilie wazo lake mkaliongezea maneno ya sokoni. Mungu alimuuliza Eliya swali, akamwacha ajibu, akamuuliza tena. Ketini naye. Mwulizeni. Vumilieni kusikia jibu lile lile mara mbili, hata mara kumi.

Wiki hii, wapendwa, katika kila shirika tafuteni mmoja ambaye hajaonekana siku nyingi. Mpelekeeni kitu cha kula. Ketini naye.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemfuata Eliya mpaka pangoni, utufuate sisi katika mapango ya mioyo yetu. Utumulikie yale tunayoogopa kuyatazama. Utuondolee neno la uongo lililoshikana na maumivu yetu, na uwalinde jirani zetu wasiumie kwa ajili ya mawazo yetu. Utupe usingizi leo usiku, na kesho utupe kazi na mwenzi wa njiani. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.