LANTANA: UA ZURI LINALOZUIA MSITU KUZAA

(Maneno ya mfanyakazi wetu wa mazingira kwenye mkutano wa wakaaji, Mantapala)



Leo nitazungumza juu ya mmea mmoja tu, lantana. Ni kichaka chenye miiba midogo. Majani yake hunuka ukiyasugua, na maua yake huwa na rangi mbili au tatu pamoja. Watu huipanda kuwa uzio. Naomba tusiipande.

Lantana ilitoka Amerika, ikaletwa Afrika kama ua la bustani. Kichaka kimoja chaweza kutoa hadi matunda 12,000 kwa mwaka. Ndege hula yaliyoiva na kuangusha mbegu mbali, hata katikati ya msitu.

Makazi haya yalifunguliwa mwaka 2018 ndani ya msitu wa mitondo na misuku. Msitu huu hutupa kuni, bowa, viwavi na masuku. Miti yake imezoea moto na kiangazi: ikikatwa, huchipua tena. Lakini miche yake haikuzoea kivuli, inataka jua. Lantana hufunika ardhi yote, na majani yake yakioza hutoa sumu inayozuia mbegu nyingine kuota.

Musuku una shida zaidi. Kuna musuku dume na musuku jike, na jike peke yake ndiye anayezaa. Tena mbegu yake haitunziki: isipoota upesi, inakufa. Ikianguka chini ya lantana, imepotea. Miti mikubwa itabaki imesimama, nasi tutadhani msitu ni mzima, kumbe hauna watoto.

Jambo hili limekwisha kutokea hapa Zambia. Huko Livingstone, karibu na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, lantana iliingia mpaka ndani ya hifadhi, ikawa kazi kubwa kuiondoa.

Kwa hiyo tunawaomba:

1. Usipande lantana. Kwa uzio tumia nyasi au matete.
2. Ukiiona, ing'oe pamoja na mizizi kabla haijazaa. Wakati wa mvua udongo ni laini. Funga mikono kwa kitambaa. Ukiikata tu, itachipua.
3. Iache ikauke juani. Usiitupe penye unyevu, maana shina lake huweza kuota mizizi.
4. Rudi kuangalia mahali pale kila msimu wa mvua.
5. Usiwape mbuzi majani yake, huwadhuru. Waambie watoto wasile matunda yake, hasa mabichi.
6. Ukitafuta kuni, usikate musuku unaozaa.

Wenyeji wetu wa Nchelenge na Mwansabombwe wameokota masuku na bowa katika misitu ya nchi hii tangu zamani za mababu. Walitupokea. Tusije tukawaachia kichaka cha miiba.