Sahani ya Mwenye Ugonjwa wa Sukari
(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia)



Wengi wetu hudhani adui ni sukari ya chai peke yake. Mtu anaiacha, halafu anakula mlima wa ugali na mboga kidogo tu. Ugali ule ukishaliwa hugeuka sukari mwilini, sawa na wali, chapati na viazi. Mgonjwa hakatazwi ugali. Apunguze kipimo.

Gawanya sahani hivi: nusu iwe mboga, kama sukuma wiki, kunde au managu. Robo iwe ugali. Robo inayobaki iwe maharagwe, ndengu, samaki au yai. Tunda liliwe zima, lisikamuliwe juisi. Soda tuziache.

Sasa, jambo la kufunga na kuomba. Anayetumia insulini au vidonge fulani, akikosa kula, sukari inaweza kushuka sana. Hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa. Akiwa anaweza kumeza, mpeni upesi vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari ndani ya maji, kisha ale. Akizimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Basi asifunge wala asiache dawa kabla ya kumwuliza daktari.

Na kikundi kikikutana, chai iletwe bila sukari, kila mtu ajitilie. Msimtenge mwenzenu kwa chakula chake. Sahani hiyo yatufaa sisi sote.