HOTUBA YA MWENYEKITI: MAMA DEKHA NA WANAWAKE WA SOKO LA WAJIR



 Mweka hazina amekwisha soma mahesabu, kwa hiyo mimi sitasema ya fedha. Nimesoma hadi darasa la saba tu, lakini naomba mnisikilize habari za mama mmoja.

Anaitwa Dekha Ibrahim Abdi. Alizaliwa mwaka 1964 huko Wajir, kaskazini mwa Kenya, nchi kame ya wafugaji. Mwaka 1992 ukame ulikuwa mkali, mifugo ikafa, na koo za Wasomali zikauana. Usiku mmoja risasi zilipiga nyumbani kwake, akajificha na mtoto wake chini ya kitanda. Asubuhi mama yake akamwambia kuwa na yeye aliwahi kumficha Dekha hivyo hivyo alipokuwa mdogo. Dekha akaona hii haiwezi kuwa urithi wa watoto.

Sokoni nako akina mama wa ukoo huu walikuwa hawauziani na wa ukoo ule. Dekha na wenzake hawakungoja serikali, walianzia hapo hapo sokoni. Waliwaita akina mama wa koo zote, wakapatana kila mtu auze na anunue bila kuulizwa ukoo, wakaweka kamati ya kusimamia. Halafu wakawafuata wazee, na mwaka 1993 wazee wakafanya mapatano ya Al Fatah. Wakawaendea na vijana wenye bunduki, wafanyabiashara na wakuu wa serikali. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood kule Sweden. Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa mwaka huo, alikuwa mmoja wa waliohangaika kuizima. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya gari.

Ndugu zangu, sisi hatuna vita vya koo. Lakini Shinyanga na Geita tunajua vikongwe waliokatwa mapanga kwa ajili ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe. Tunajua na albino waliouawa kwa uongo kwamba viungo vyao huleta dhahabu.

Tusijidanganye, maneno hayo yaliingia hata humu kikundini. Mwaka wetu wa nne mtoto wa jirani alifariki, wakamsema mama mzee mmoja kati yetu. Siku ya mkutano watu walikataa kupokea hela iliyopita mkononi mwake. Na mimi, mwenyekiti wenu, nilikaa kimya wiki mbili. Niliogopa. Leo nalisema mbele ya watu.

Ndipo nikakumbuka habari za Wajir nilizosimuliwa kwenye semina. Mkutano uliofuata nilikaa naye mkeka mmoja, nikampa hisa zangu azihesabu yeye. Wanachama wanne walituacha, wawili wamesharudi. Yule mama yupo hapa leo, na ndiye mshika ufunguo mmoja kati ya zile tatu za sanduku letu.

Ninachowaomba ni hiki: ukisikia jirani anatajwa, usingoje sungusungu wala polisi ndio waanze. Nenda mchana kweupe ukanunue nyanya zake, watu wakuone.