Umeme Unaopotea Njiani

(Hotuba ya mafundi wa karakana, iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Sisi mafundi tumezoea kuinama juu ya injini kuliko kusimama mbele ya watu. Hata hivyo tunalo jambo la kuwaeleza, na ndani yake limo kosa letu.

Wengi wenu mnakumbuka asubuhi ile ya msimu uliopita ambapo mpima kahawa alichelewa. Pikipiki yake ilikataa kuwaka, na wanachama wakakaa na magunia yao mvuani hadi adhuhuri. Tulilaumiwa, na ilikuwa haki tulaumiwe. Pikipiki zetu mbili za mitungi miwili, zilizoundwa Japani katika miaka ya 1970, zilikuwa zimekwisha kula plagi, koili na betri mpya kwa fedha za Chama, na bado zilikohoa kila zilipopanda mlima. Katika Halmashauri ikasemwa ziuzwe. Hapo ndipo tulipofanya lililotupasa tangu mwanzo: tulipima.

Kwenye betri tulikuta volti 12.2. Kwenye koili, wakati huo huo, zilifika 10.2 tu. Volti 2 zilipotea njiani. Na angalieni: kipimo hiki hufanywa pointi zikiwa zimefunga na umeme ukipita. Pointi zikiwa wazi, mita huonyesha kana kwamba hakuna kilichopotea, na fundi hudanganyika, kama tulivyodanganyika sisi.

Umeme wa koili hutoka kwenye betri, hupita swichi ya ufunguo, hupanda usukanini katika swichi ya kuzimia injini, kisha hurudi chini. Njia ni ndefu, waya ni nyembamba, na viungo vimeshika kutu kwa uzee. Kila kiungo hutoza ushuru wake. Wakulima mnaijua hesabu hiyo, kwani zao likipita mikono mingi, mwenye shamba hupata makombo. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba pia hukimaliza.

Hasara yake ni kubwa kuliko ionekanavyo. Umeme katika koili ukipungua kwa sehemu moja ya sita, nguvu ya cheche hupungua karibu theluthi moja. Na stata inapozungusha injini, volti za betri hushuka zaidi. Ndiyo maana shida huwa kubwa alfajiri, saa ile ile mpima anapotakiwa kuondoka.

Dawa yake ni rilei. Chombo hiki ni swichi ivutwayo na sumaku ya umeme, na asili yake ni kazi za simu za maandishi za karne ya 19. Kazi yake ni kama barua ya karani kwa mtunza ghala: barua ni nyepesi, nayo hufungua mlango wa mzigo mzito. Waya wa zamani uliolisha koili tuliufunga kwenye mguu wa 86, na mguu wa 85 kwenye chuma cha pikipiki. Mguu wa 30 tuliuletea waya mpya mnene kutoka betri, wenye fyuzi ya ampea 10 karibu na betri yenyewe. Mguu wa 87 ukaenda kwenye koili. Sasa swichi za zamani hubeba umeme mdogo tu wa kuamuru, chini ya robo ya ampea, na ile ya usukanini bado huzima injini kama kawaida.

Tulipopima tena, koili ilipata volti 12.0. Pikipiki zote mbili ziliwaka, na hazikuuzwa.

Lakini msichukue rilei kuwa dawa ya kila ugonjwa. Kwanza safisheni viungo na swichi. Pengine hayo yatatosha. Pikipiki ndogo ambazo cheche yake hutokana na magneto haziponi kwa njia hii, maana koili yake hailishwi na betri. Na penye kizuizi cha umeme kilichowekwa na mtengenezaji kabla ya koili, kisirukwe, koili isije ikaungua.

Bwana Mwenyekiti, fedha tulizotumia bure zilikuwa jasho la wanachama. Twaomba radhi. Twaomba pia kila karakana yetu ipewe mita, na iwe kanuni kwamba hakuna kifaa kitakachonunuliwa kabla ya kupima. Mkulima hapokei malipo ya gunia lisilopandishwa mizani. Nasi mafundi tusidai fedha kwa ugonjwa tusioupima.