Mwalimu Aliyeandikiana na Gandhi

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za mwalimu mmoja Mwingereza, Horace Alexander, aliyezaliwa mwaka 1889. Alikuwa wa dhehebu la Marafiki, ambao wengine huwaita Quaker. Si wageni kwetu: wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Ibada yao ya kale ni kukaa kimya pamoja, na imani yao yakataza vita vyo vyote.

Basi mwaka 1916, Alexander alipoitwa jeshini, alikataa. Mwisho aliachwa, kwa sharti afundishe shule. Siku zile watu wa namna yake waliitwa waoga. Nawaomba mlishike neno hilo mpaka tufike Calcutta.

Tangu 1919 hata 1944 alikuwa mwalimu katika chuo cha Marafiki cha Woodbrooke, mjini Birmingham. Somo lake lilikuwa mambo ya mataifa. Mwaka 1927 alisafiri Mashariki kwa ajili ya kupinga biashara ya afyuni, na Machi 1928 akafika Sabarmati, nyumbani kwa Gandhi. Hapo urafiki ukaanza, wakaandikiana barua kwa muda wa miaka karibu 20.

Tafakarini jambo hili. Huyu ni wa taifa litawalalo, yule ni kiongozi wa watawaliwao. Huyu Mkristo, yule Mhindu. Ndege za barua kati ya London na Karachi zilianza mwaka 1929. Kabla ya hapo barua ilikaa baharini majuma, na neno moja lililoandikwa kwa hasira halikuweza kurudishwa njiani. Gandhi aliandika barua nyingi mno: mkono wa kuume ukichoka, alishika kalamu kwa wa kushoto. Na kila Jumatatu hakusema. Akiwa na neno, aliliandika katika kikaratasi. Sidhani kwamba Rafiki, aliyezoea ibada ya kimya, aliona taabu kukaa naye siku hiyo! Wala hakutaka kumtoa mwenzake katika dini yake.

Lakini Alexander hakuridhika na wino tu. Mwaka 1930, Gandhi alipokuwa kifungoni Yeravda, alikwenda Bara Hindi kutafuta njia ya kumpatanisha na Lord Irwin, mwakilishi wa Mfalme. Mwaka 1931 Gandhi naye akaja Uingereza, akafika Woodbrooke. Mwaka 1942 Alexander alifiwa na mkewe, Olive. Mwaka ule ule akaenda Bengal pamoja na kikosi cha Marafiki cha kusaidia walioumizwa na vita. Mwaka uliofuata njaa kuu ikaingia huko, ikaua watu wapatao milioni 3.

Hata Agosti 1947 Bara Hindi ilikuwa karibu kupata uhuru na kugawanyika. Katika Calcutta Wahindu na Waislamu walikuwa wakiuana. Tarehe 13 Gandhi akaingia kukaa katika nyumba ya Mwislamu, mtaa wa Beliaghata, pamoja na Suhrawardy, kiongozi wa Waislamu, ambaye Wahindu wengi walimchukia. Alexander alikuwamo. Vijana wa Kihindu wakaizingira nyumba, wengine wakiparamia madirisha. Mwalimu wetu, mtu wa miaka 58, akaanza kuyafunga madirisha, na mawe yakaja, na vioo vikavunjika mbele yake. Hakuwa na silaha, wala hakuitafuta. Gandhi akasema na wale vijana siku ile na siku ya pili, hata wakakubali kumsaidia. Siku ya uhuru Wahindu na Waislamu wa Calcutta walitembea pamoja barabarani. Kabla ya mwezi kwisha ghasia zilirudi, na Gandhi akafunga kula mpaka zilipotulia.

Gandhi aliuawa tarehe 30 Januari 1948. Alexander aliishi miaka 41 zaidi. Mwaka 1984 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Bhushan, na mwaka 1989 akafa, umri wake miaka 100.